Nilivyompunja Mtoto wa Jirani

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau ikakataa. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na moja, katika miaka ile ya elfu mbili na kidogo, wakati mtu akinunua simu ya mkononi aliiweka juu ya meza ili wenzake waione. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Siku hiyo nilichukua kalamu ya wino nikaandika neno moja kwenye pembe ya faili, na neno hilo likanifunza kujijua kuliko shule zote nilizosoma. Keti basi nikueleze. Mimi si mkongwe wa kunusa ugoro, lakini mvi zimeshanizoea, na jambo la aibu likikaa sana bila kusemwa huoza, likamwozesha na anayelibeba.

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya orofa ya tatu katikati ya jiji, juu ya duka la viatu. Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Athmani, mzee wa Lamu aliyefundisha hisabati miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa kuwapima vijana waliotaka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya ng'ambo, vile vyenye jina, vinavyopokea maombi kwa maelfu na kuchukua watu wachache kama chumvi kwenye mboga. Kijana alileta matokeo yake, barua za walimu wake, na insha ya kujieleza. Mwalimu alisoma yote polepole, akinywa kahawa chungu, kisha akaandika kwa penseli neno moja kati ya matatu. "Aende" ni yule ambaye nafasi yake ilionekana. "Ajaribu" ni yule ambaye nafasi ni nyembamba lakini ipo. "Angoje" ni yule ambaye hajawa tayari, arudi mwakani. Neno la nne hakuwa nalo. Wa maneno mawili ya kwanza, ofisi iliwapigia chapa maombi yao na kuyatuma.

Mara nyingi nilimwona akimwandikia "Ajaribu" mtoto ambaye mimi ningempita. Nikamuuliza. Akasema, "Mti usipime urefu peke yake, Wambui. Uliza na udongo ulikomea. Aliyepata themanini mahali penye maabara, na aliyepata themanini mahali ambapo watoto sita wanasoma kitabu kimoja, hao hawakupata alama sawa." Niliitikia kwa kichwa. Ni rahisi kuitikia hekima ambayo bado haijakugusa.

Sasa nikupeleke nyumbani. Tulikaa Riruta, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, uwanja na kamba za nguo katikati. Chumba cha tatu kutoka chetu alikaa Mama Njeri, mshonaji wa sare za shule, na binti yake wa pekee. Mama huyo na mama yangu walikuwa kanisa moja na chama kimoja cha akina mama. Njeri alipokuwa darasa la nne, mimi ndiye niliyemfundisha hesabu za kugawanya, tumeketi kwenye kizingiti, tukiandika kwa chaki sakafuni. Alikuwa akiniita Dada. Si Dada Wambui. Dada tu, kana kwamba duniani nilikuwa mmoja.

Wakati huo nyota ya ploti nilikuwa mimi. Wazazi wengine waliwaambia watoto wao, "Mwangalieni Wambui." Kisha nikafanya mtihani wa kidato cha nne, nikakosa chuo kikuu cha serikali kwa pointi moja. Pointi moja, mwanangu. Ungeweza kuiangusha mfukoni usisikie. Habari za kuomba vyuo vya nje sikuzijua, na hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa kutoka ploti yetu anaweza hata kuuliza. Nikasoma ukarani. Watu walinipa pole mara moja, halafu wakaanza kumzungumzia Njeri.

Miaka ikaenda, naye akapata A kavu, isiyo na alama ya kutoa nyuma yake, katika shule ambayo kabla yake haikuwahi kupata hata moja. Jumapili ile mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa zima. Watu walipiga makofi hadi mabati yakaitikia. Nami nilipiga. Mikono ilipiga, mimi sikuwemo.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa na ubaya. Lakini kila tulipoketi kula aliniambia, "Huyo msichana wa Mama Njeri, akili yake inatisha." Yalikuwa maneno yale yale aliyowahi kuyasema juu yangu, kwa sauti ile ile. Nilihisi kana kwamba nguo yangu amevalishwa mtu mwingine, na mimi nimo humo ndani naambiwa nimsifu jinsi ilivyomkaa. Nikaanza kuyaona mambo ambayo macho mema hayaoni: anavyocheka kwa sauti, anavyosalimia kila mtu kana kwamba anaomba kura, anavyoning'iniza sare yake ya zamani kambani ikiwa na beji ya kiranja mkuu, ilhali shule ameshaimaliza. Na kila jioni aliponisimamisha uwanjani, "Dada, sasa! Kazi ilikuwaje?" nilijibu, "Poa tu," nikaingia ndani.

Ni mimi mwenyewe niliyempeleka kwa Mwalimu, kwa sababu mama alinisukuma. Mwalimu akamsaidia kuufanya ule mtihani wa Wamarekani wa kuombea vyuo vyao, akaufanya vizuri. Ikabaki kumaliza insha, kupimwa, na maombi kutumwa kabla ya siku ya mwisho ya mwaka. Jambo hili halikuwa mchezo kwao. Chuo cha hapa angeitwa, hilo lilijulikana, lakini Mama Njeri macho yalikuwa yameanza kumchezea. Kutia uzi kwenye sindano ilikuwa kazi ya kumwita binti. Ufadhili kamili wa ng'ambo ungemwondoa mama yule kwenye cherehani.

Katikati ya Novemba Mwalimu akapata habari kwamba dada yake anaumwa sana Lamu. Alipokuwa akifunga mkoba wake aliniachia penseli. "Umekaa nami miaka minne, kazi waijua," alisema. "Faili ikikushinda, niwekee. Lakini usimfungie mtu mlango nami sipo."

Ndani ya siku chache nilipima mafaili mawili ambayo nataka uyaangalie kwa pamoja.

La kwanza lilikuwa la kijana wa Kitisuru. Mama yake aliniita nyumbani kwao Jumamosi nimsaidie kujaza fomu. Nilipita ua uliokatwa ukawa kama ukuta wa kijani, nikaketi kwenye baraza, nikaletewa chai ndani ya birika na keki kwenye sahani ya peke yangu. Kijana alikuwa na adabu, gredi zake za wastani, na alipoulizwa anataka kusomea nini alimtazama mama yake. Nikamsaidia kwa moyo mweupe. Nilimrekebishia insha, nikampa moyo, nikamwandikia "Ajaribu," nikarudi nyumbani nikiimba. Alikuwa na kila kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho, wala sikumwonea kijicho hata punje. Wivu, mwanangu, hauruki ukuta mrefu. Hutambaa chini ya mlango wa jirani.

Jumanne akaja Njeri.

Alivaa sketi ya kanisani. Aliweka insha yake mbele yangu kwa mikono miwili, kurasa tatu za mwandiko wake, nakala ya pekee. Nikaisoma. Alieleza jinsi mama yake alivyomwonyesha, akiwa mtoto, kwamba kola ya sare ukiikata kwa mstari ulionyooka hailali shingoni. Lazima uikate ikiwa imepinda ili ionekane imenyooka. Akasema ndipo alipoanza kuipenda hisabati, kwa kujiuliza ni kiasi gani cha kupinda. Nilipofika ukurasa wa pili nilijua kwamba mimi, na ile pointi yangu moja, hata ningepewa miaka kumi, nisingeandika hivyo. Kitu kikakaza kifuani kama kamba ya nguo iliyoloa. Nikajisikia nikisema moyoni: hesabu za kugawanya nilimfundisha mimi.

"Dada," akasema, "niambie tu ukweli. Niko na nafasi?"

Laiti angeniuliza mtu mwingine siku ile. Angeniuliza yule kijana wa Kitisuru. Nilikunja insha, nikamrudishia.

"Njeri, usione ni mimi nasema," nikamwambia. "Hawa watu wanachagua dunia nzima. Wanataka mtoto amecheza tenisi, amepiga piano, amesafiri. Wewe utawaonyesha nini? Na huo ufadhili unaomba, wanaopewa ni wa kuhesabu kwa vidole. Utatuma, utangoja, halafu ploti yote ijue umekataliwa. Si afadhali ungoje tu chuo cha hapa kama wengine?"

Ati ploti yote ijue. Unaona nilikochota? Kile kilikuwa kidonda changu, nikampaka yeye usaha. Na angalia ujanja wa ulimi, maana ulimi hauna mfupa: hakuna neno hata moja nililomwambia ambalo lilikuwa uongo. Nafasi zilikuwa chache kweli. Piano hakuwa nayo kweli. Nilizichukua kweli zile moja moja nikamjengea ukuta.

Hakubishana. Aliichukua insha yake, akasema, "Sawa, Dada. Asante kwa kuniambia." Alipotoka nilichukua faili lake, na penseli nikaiacha pale pale. Nikachukua kalamu ya wino. Nikaandika neno la nne, ambalo Mwalimu hakuwa nalo: "Asijaribu."

Nilidhani ningepata raha. Kwa siku mbili hivi niliipata, nisikudanganye. Nilikula vizuri. Nilimsalimia Njeri uwanjani kwa upole, upole ule wa mtu aliyeshinda kesi. Lakini Jumapili Mama Njeri alibisha mlangoni akiwa na kitu kimekunjwa ndani ya gazeti. Ilikuwa blauzi nyeupe, kaishona mwenyewe kwa macho yale yake, kola imelala kama imechorwa.

"Wambui, asante," akasema. "Watu wengine wangetuacha tujiaibishe huko ng'ambo. Wewe umetuambia ukweli. Wewe ni mtu wetu."

Mama yangu akasema lazima niivae Jumatatu kazini. Nikaivaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile niliyahisi maneno hayo shingoni, tangu asubuhi hadi nilipotoka. Hata hivyo sikusema kitu. Wiki zikapita, nikanyamaza. Najiuliza hadi leo ningenyamaza mpaka lini.

Mwalimu alirudi zikiwa zimebaki siku tisa mwaka uishe. Dada yake alikuwa amepata nafuu. Alifungua kabati, akatoa mafaili yote niliyopima, akaanza kuyapitia moja moja huku akinisifu. La kijana wa Kitisuru alitikisa kichwa kidogo, akasema, "Si neno, ajaribu." Halafu akafungua la Njeri. Akasoma matokeo. Akasoma barua ya mwalimu wake wa hisabati. Akaligeuza, akaona pembe ya juu.

"Nani kakufunza neno hili?" akauliza.

Nikaanza kupanga mafaili mengine.

"Na kwa wino." Akavua miwani. "Huyu binti wamjua nje ya ofisi? Maana ulimleta wewe."

"Ni jirani," nikasema.

"Jirani wa mbali, wa karibu?"

"Chumba cha tatu."

Aliweka faili chini taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto. Nikajitetea, nikasema, "Mwalimu, nilimwambia ukweli. Wewe mwenyewe unasema nafasi ni chache."

Akanitazama. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Muuza sukari naye huuza sukari ya kweli," alisema. "Kosa lake si sukari, ni kidole alichokitia kwenye mizani. Wewe huyu hukumpima, Wambui. Ulijipima wewe, ukajiona umepungua, ukamkata yeye ili mlingane. Umempunja mtoto wa watu. Tena kwa mizani niliyokupa mimi."

Nikalia. Nikamwomba radhi. Akasema radhi si yake. "Inuka uende Riruta sasa hivi. Ukamwambie atume maombi, na ulichotenda, na sababu yake. Usiende kusema umekosea hesabu. Sema wivu. Ukilitaja jina lake litakuogopa, ukilificha litakurudia."

Nikamuuliza kama atanifukuza kazi. Akavaa miwani yake tena. "Nikikufukuza utakwenda kupima watu mahali pengine. Kaa hapa hapa. Lakini faili la mtu usiliandike kitu mpaka nikwambie."

Saa nane mchana nilikuwa mlangoni kwa Mama Njeri. Alikuwa kwenye cherehani. Sare za Januari zilikuwa zimemrundikia. Njeri alikuwa sakafuni, akikata kitambaa kwa kufuata vipande vya karatasi alivyovibana kwa pini. Nilisimama. Sikukaribishwa kukaa kwa sababu sikungoja kukaribishwa. Nilisema upesi, kama mtu anayetapika.

"Njeri, nilikudanganya. Sikudanganya kwa maneno, nilidanganya kwa nia. Faili yako ilikuwa nzuri. Insha yako ilikuwa bora kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Nilikwambia usijaribu kwa sababu nilikuonea wivu."

Mguu wa Mama Njeri uliacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza. Mama yule alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta uso anaoujua kwenye picha ya watu wengi.

"Wambui," akasema hatimaye, "huyu si ulimshika mkono kumpeleka darasa la kwanza? Siku yenye nilikuwa mgonjwa. Si ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na wenye midomo, lakini swali lile ndilo lililonivunja.

Njeri alikuwa bado ameshika makasi. Hakulia. Aliniuliza swali lile lile la Jumanne, ila sasa kwa sauti kavu: "Kwa hivyo niko na nafasi ama sina?"

Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikampima. "Nafasi ni nyembamba," nikasema. "Ni nyembamba kwa kila mtu, hata wale wako na piano. Wengi wazuri kama wewe watakataliwa. Lakini wewe ni wa kutuma. Mwalimu amesema utume. Tuko na siku tisa."

"Insha haiko," akasema.

Nikamuuliza iko wapi. Alionyesha sakafu kwa makasi. Alipoona haina kazi tena alimpa mama yake zile kurasa, na mama hutumia karatasi yoyote nzito kukatia ruwaza za nguo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kola. Wa pili ulikuwa mfuko na nusu ya mkono wa shati. Wa tatu tuliupata chini ya kitanda, umekanyagwa. Tulichomoa pini moja moja, tukapanga vipande juu ya meza, na palipokosekana maneno alisimama akafikiri mpaka akayapata tena. Mimi niliandika. Hakuna aliyezungumza na mwenziwe isipokuwa kwa ajili ya kazi ile. Tulipomaliza alisema, "Asante, Madam."

Madam. Ndivyo waombaji wote walivyoniita pale ofisini.

Kesho yake nilipiga chapa. Mwalimu alisoma mara tatu. Kulikuwa na pengo moja: vyuo vile vilitaka barua za walimu wawili, nasi tulikuwa na moja. Mwalimu wa pili alikuwa ameahidi kuiandika mwezi wa kumi na moja, lakini Njeri alikuwa amemwambia asijisumbue tena, na sasa shule zimefungwa, naye amekwenda kwao, simu hana. Tulimtafuta siku nne, tukamkosa. Tukatuma bila barua ile, na maelezo ya Mwalimu Athmani juu yake. Nilisimama kwenye foleni ya posta mimi mwenyewe.

Jibu lilikuja Aprili. Walimkataa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Njeri aliponionyesha barua ile pale ofisini, kabla sijafikiri lolote, moyo wangu uliruka kwa furaha. Furaha ya muda wa kupepesa jicho tu, kisha nikaiona, nikashtuka, nikajichukia. Nilikuwa nimeungama, nimelia, nimepiga chapa, nimepanga foleni. Nikadhani nimekwisha kutakasika. Kumbe magugu niliyafyeka juu, mizizi nimeiacha. Usimwamini mtu anayekuambia ameacha wivu kwa siku moja. Mimi ulinichukua miaka, na mpaka leo asubuhi nyingine najikuta nashika jembe.

Je, ni ile barua ya mwalimu iliyokosekana? Sijui. Pengine wangemkataa hata ingekuwepo. Wanakataa wazuri kila mwaka. Pengine ndiyo iliyomkosesha. Mwalimu alikataa katakata kuniambia anavyofikiri. Hakuna awezaye kujua, na huko kutojua ndiko adhabu niliyopewa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Njeri alianza masomo chuo cha hapa, akilala nyumbani, akimtilia mama yake uzi kwenye sindano kabla ya kutoka asubuhi. Mwishoni mwa mwaka akaja tena ofisini kuomba mara ya pili. Ndipo Mwalimu aliponiita, akasukuma penseli juu ya meza kuja kwangu, akafungua faili lake. "Mwaka umekwisha," akasema. "Mpime."

Nikaitazama penseli ile. Nikairudisha. Nikasema, "Wengine nitawapima, Mwalimu. Huyu mpime wewe. Siuamini mkono wangu kwake."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. "Basi sasa ndiyo unaanza kuijua kazi," akasema, naye akaandika "Aende."

Mara hii barua za walimu zilikuwa mbili. Vyuo vitatu vilimkataa, kimoja kikamchukua, kwa ufadhili kamili. Riziki kama ajali, wasema watu wa Pwani, huitambui ijapo. Ploti nzima ilipika. Mimi nilimenya viazi tangu asubuhi, na nilipopiga makofi nilijitafuta, nikajikuta nimo. Si mzima, lakini nimo. Alipozunguka kuaga, chumba hadi chumba, alinipa mkono kwa heshima, akasema, "Nimekusamehe, Madam. Nilitaka ujue kabla sijaenda." Nami najua alisema kweli. Mama yake alihama miaka michache baadaye, kwenye nyumba ambayo binti alimkodishia, na cherehani akampa mtu bure. Njeri huniletea salamu. Lakini lile jina alilokuwa akiniita kizingitini halikurudi. Kusamehewa ni kitu kimoja, mwanangu, na kurudishiwa ni kingine.

Basi neno langu kwako ni hili. Ipo siku utapewa kumpima mwenzako. Pengine utakuwa mwalimu unayemwandikia mwanafunzi barua, pengine bosi, pengine rafiki tu unayeulizwa, "Waonaje, nijaribu?" Kabla hujafungua mdomo, jiulize kama unayempima ni yeye au ni wewe. Ukisikia kifua kimekaza, usimjibu. Mpeleke kwa mtu mwingine. Hiyo si aibu, ndiyo haki yenyewe. Wala usijidanganye kwamba umesema kweli, maana kweli nayo hupunjwa. Ukiwa wewe ndiye unayepimwa, usikubali kipimo cha mtu mmoja, hata akiwa dada yako, hata akiwa mimi. Uliza wa pili. Milango ile mikubwa ni myembamba, sitakuficha, na wengi wanaorudishwa hawakuwa na upungufu wowote. Lakini akukatalie mwenye mlango, si jirani uliyemkuta njiani. Na wivu ukikujia, kwa kuwa utakujia, uite kwa jina mapema, kabla haujajifunza kuzungumza kwa sauti ya busara.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe unachokistahili, na akupunguzie kile ambacho kingekuharibu. Akuwekee watu wanaokupima kwa mkono mwepesi. Na siku atakapomwingiza mwenzako mahali ulipotamani wewe, akujalie kupiga makofi nawe ukiwemo ndani yake. Amina.